Asilimia Tisini na Sita

Jumanne asubuhi Mukengere alishusha ndizi zake sokoni Kamembe, akaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa chuo, akaingia ofisini na shati lake la kanisani. Binti yake Izabayo alikuwa ameshaketi, mikono mapajani. Baba alikuwa ameitwa kwa sababu insha ya binti ilionekana imeibwa kutoka kwake yeye baba.

Insha ilieleza jinsi mama yake Izabayo alivyoteremshwa kutoka Gashonga akiwa mgonjwa, ndani ya ingobyi, machela ya kusuka inayobebwa na majirani mabegani, na jinsi alivyokufa kabla hawajafika barabarani. Chuoni kila insha hupitishwa kwenye kompyuta, nayo huilinganisha na maneno yote iliyo nayo. Hii ilitoa asilimia tisini na sita. Chanzo: Mukengere, Gashonga, mwaka 2011, haijachapishwa.

Mukengere hakuwahi kuandika kitu zaidi ya jina lake. Aliacha shule mwaka wa nne. Lakini kusukuma baiskeli yenye mikungu sita kilimani ni kazi ndefu, na kwa miaka kumi na minne alikuwa akipanga maneno kichwani, akiyarudia mpaka yakae sawa. Hakumwambia mtu. Kompyuta ilikuwa nayo yote.

Mwalimu Christophe-Aimé alimgeuzia kioo cha kompyuta.

"Papa, muko na kurasa mia ine humu ndani," alisema. "Miye docteur muzima, niko na kumi na mbili."

Mukengere alipoketi, chini ya ukurasa mstari mpya ukajiandika: Kiti hiki kimelegea mguu mmoja. Mwalimu aliusoma, akainuka, akamletea kiti kingine.

Kisha akawaonyesha maandishi mawili, moja kando ya jingine. Yalikuwa sawa, isipokuwa pale baba aliposema mke wangu, binti alisema mama. Hizo ndizo asilimia nne.

"Lakini alikuwa mama yangu," alisema Izabayo. "Nilikuwa nyuma yabo. Nilibeba viatu vyake."

"Viatu viko," alisema mwalimu. "Ukurasa wa tatu. Papa yako aliviona."

Mukengere alikohoa. "Sasa batamufanya nini?"

"Sheria ni hii, Papa. Mukisema maneno si yenu, faili inafungwa, anarudi darasani. Mukisema ni yenu, anafukuzwa. Amebakiza miezi mitano tu apate diplome."

Mukengere alimtazama binti yake, kisha kioo.

"Si yangu," alisema.

Mstari ukajiandika: Ni yangu. Nadanganya kwa ajili ya mtoto.

Mwalimu alisugua macho. Hakuwa mtu mbaya. Muhula huo alikuwa ameshawafukuza wawili, mmoja kwa sababu ya maneno ya bibi yake wa kisiwani Nkombo.

"Basi namupatia yote," alisema Mukengere. "Kurasa mia ine zote. Ni mutoto wangu. Muandike pale kama nimemupatia."

"Papa, nyamazeni," alisema Izabayo.

"Hiyo inaitwa kusaidiana kudanganya," alisema mwalimu kwa upole. "Azabu ni ileile."

Alimsogezea karatasi ya kumfukuza binti. Mukengere aliandika jina lake, akachukua muda. Izabayo alivua kadi ya chuo shingoni, akaiweka mezani kifudifudi. Walirudi nyumbani wakiwa kila mmoja upande wake wa baiskeli. Binti hakumlaumu baba.

Ijumaa Mukengere alifunga tena mikungu sita. Bella, mdogo wake Izabayo, alikuwa amebakiza miaka miwili kumaliza sekondari, aje naye chuoni. Siku ile ya ingobyi naye alikuwepo, mgongoni mwa jirani. Kwa hiyo Mukengere alisukuma baiskeli huku akipiga mbinja wimbo wa kanisani, ili kichwa kisipate nafasi ya kupanga maneno.

Kwenye mwinuko wa pili pumzi ilimwishia, mbinja ikakatika, na sentensi ikaja. Ilihusu msichana anayevua kadi shingoni na kuiweka mezani. Mukengere alisimama, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akangoja ipite. Watu wa pikipiki walimpita, wakamsalimia, akawaitikia.

Haikupita. Jua lilipomfikia utosini alibadilisha neno moja, ikakaa sawa.