Kuni za Mbuzi wa Shiru

Mume wangu Mbugua ana kichwa kigumu kuliko gogo lolote alilowahi kupasua, na nasema hivyo nikiwa nampenda. Mwaka wa 2006, binti yetu Shiru alipopata mchumba, mgongo wa Mbugua ulikuwa umeshatangaza mgomo. Asubuhi alishuka kitandani kwa kushika ukuta. Kamba za viatu nilimfunga mimi, naye akitazama dari kama mtoto anayengoja sindano. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mambo ya shoka yamekwisha, na akilinyanyua tena huenda asisimame kabisa. Mbugua akamshukuru vizuri, akavaa kofia yake, na tulipofika nyumbani Woodley akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kuangalia kama shoka limeshika kutu.

Sababu ya ukaidi huo ilikuwa ngurario ya Shiru, ile sherehe ya kumalizia mambo ya ndoa. Kwa kina Mbugua kuna desturi kwamba mbuzi wa siku hiyo huchomwa kwa kuni ambazo baba wa bibi harusi amezipasua mwenyewe. Si ndugu, si kibarua, na mkwe ndiye hafai kabisa hata kuzigusa. Babake alifanya hivyo, na kaka yake Waweru alifanya hivyo mpaka mabinti wakaisha. Mimi nimezaliwa Nyeri na sikuwahi kusikia jambo kama hilo, nikamwambia hivyo. Akanijibu kwamba kuna mengi ambayo watu wa Nyeri hawajasikia.

Na magogo yenyewe yalikuwa pale yakimngoja. Kabla ya kustaafu Mbugua alikuwa akitunza bustani ya mama mmoja huko Karen, na mkaratusi mkubwa wa pale ulipoangushwa na upepo, yule mama aliuleta wote kwetu kwa lori, kama zawadi. Zawadi nyingine ni adhabu. Magogo yalijaa kutoka ukuta wa jikoni mpaka kwenye sukuma wiki zangu, mengine mapana kama meza. Kila nilipotoka kuanika nguo nilimwona mume wangu amesimama kati yake, mkono mmoja kiunoni, akiyapima kwa macho. Nilijua ni suala la siku tu. Siku nisipokuwepo, angelichukua shoka, na mimi ningerudi nimkute chini.

Nikamwendea Makau. Huyo ndiye aliyekuwa anamwoa Shiru, Mkamba wa Machakos, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye kibanda chake kando ya Ngong Road, ukielekea Jamhuri. Ni kijana mpole, anaongea kama mtu anayelipia kila neno. Nilimkuta anachomelea geti, nikakaa kwenye mkebe wa rangi, nikamweleza yote: mgongo, daktari, desturi, magogo. Akavua miwani yake ya kazi, akaifuta kwa shati mpaka nikadhani hakunisikia.

"Mama," akasema mwishowe, "kama ni mashine inapasua, lakini Mzee ndiye anavuta leva, hapo ni nani amepasua?"

Nikamwambia arudie.

"Dereva akifika Mombasa, hatusemi gari ndiyo imefika. Tunasema dereva amefika."

Nilimpenda mkwe wangu kuanzia saa hiyo. Kabla ya hapo nilikuwa namvumilia tu kwa sababu ya Shiru.

Wazo lake lilikuwa rahisi. Jeki ya tipa, ile inayoinua kitanda cha lori mchanga umwagike, ina nguvu za ajabu na haina hasira. Ukiilaza juu ya chuma kirefu, na mbele yake ukasimamisha kabari kali, gogo likiwekwa katikati litasukumwa pole pole mpaka kabari iliingie. Injini ingezungusha pampu, pampu ingesukuma oili, oili ingesukuma jeki. Na mtu mwenye mgongo mbovu angesimama tu kando, mkono kwenye leva ya kuiongoza jeki, kama bwana mkubwa.

Tulikwenda pamoja Grogan, mjini, kutafuta vipuri. Makau alitaka niende kwa sababu yeye hajui kubishana, na mimi, nashukuru Mungu, sijui kunyamaza. Nilivaa viatu vyangu vya kanisa, nikavijutia, maana Grogan ardhi yenyewe imelewa oili. Wachuuzi waliponiona walidhani nimepotea nikitafuta kituo cha basi. Mmoja akajaribu kuniuzia jeki iliyopigwa rangi mpya ili kuficha nyufa. Makau alipitisha kidole tu, akatikisa kichwa, na mimi nikampa yule bwana vidonge vyake mpaka wenzake wakaanza kumcheka. Tuliondoka na jeki nzuri, pampu, na mipira ya oili niliyoivaa shingoni kwa kukosa pa kuiweka. Injini aliitoa kwenye mashine ya kuvuta maji iliyokuwa imetupwa. Nakwambia, sijafurahi hivyo mjini tangu nilipokuwa msichana.

Makau aliiunda jioni, baada ya kazi za watu. Kibanda chake ni kidogo, mashine ikilazwa mlango haufungiki, kwa hiyo aliiunda ikiwa imesimamishwa wima, kabari chini, jeki juu ikielekea ardhini, na akaiwekea springi kuukuu ya lori ya kuirudisha juu. Aliijaribu kwa kigogo kidogo, kikapasuka, springi ikarudisha jeki, akanipigia simu akicheka. Nikaenda kuiona, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilisema haiwezi kusimama hivyo. Kuinua gogo mpaka juu pale ni kazi ya mgongo ileile, na Mbugua hakubali kuinuliwa gogo na mtu mwingine. Nikataka ilazwe chini kabisa, gogo livingirishwe tu kwa mguu. Makau alikuna kichwa, lakini mama mkwe akisema, utafanya nini? Akaitoa ile springi iliyokuwa inazuia magogo marefu, akailaza, akaichomelea miguu mifupi. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kuuliza sasa jeki itarudishwa na nini.

Iliingia Woodley kwa mkokoteni Jumamosi moja asubuhi, ngurario ikiwa imebakisha kama mwezi. Siku hiyohiyo mamake Makau, Kanini, alikuwa amekuja na dada zake kutoka Machakos kuujua mlango wetu, wakiwa na maembe na gunia la muthokoi, yale mahindi yao ya kukobolewa. Kwa hiyo ua wetu ulijaa watu, na majirani nao wakaona uzio si kitu.

Mbugua alizunguka mashine yote, mikono nyuma.

"Hii ni ya kupasua kuni, ama ya kupasua familia?" akauliza.

Makau alimweleza habari ya dereva na Mombasa, kwa heshima, akiangalia chini. Mbugua akasema Mombasa anaijua na hakuna kuni huko. Lakini wageni walikuwa wanatazama, na mume wangu si mtu wa kumwaibisha mgeni. Akasema atajaribu gogo moja, basi.

Makau akavuta kamba ya injini. Ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikashika kwa kelele kiasi kwamba mbwa wa jirani alihamia chini ya gari. Gogo likavingirishwa mahali pake. Mbugua akavuta leva kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu kichafu. Jeki ikatoka pole pole, ikalifikia gogo, ikalisukuma kwenye kabari. Tukasikia mkaratusi unalia ndani, halafu pwaa, likagawanyika katikati, harufu yake ikapanda mpaka puani. Wamama wakapiga vigelegele. Mimi nilipiga kuliko wote.

Mbugua akarudisha leva. Jeki haikurudi.

Akaivuta tena, akairudisha tena. Jeki ilikuwa imenyooka mbele kama ulimi wa mtu aliyekufa, haiendi popote. Makau akachuchumaa, akashika hapa, akagonga pale, na nikaona masikio yake yanabadilika rangi. Jeki ya tipa hujua kusukuma tu. Kwenye lori hurudishwa na uzito wa kitanda, na kibandani ilikuwa ikirudishwa na ile springi. Sasa springi ilikuwa imelala kibandani, na jeki imelala kwetu. Alisema yote hayo kwa sauti ndogo sana, na hakunitaja. Jirani mmoja akacheka, wengine wakamfuata.

Mbugua hakucheka. Alizima injini, akaenda ukutani, akarudi na shoka.

"Umejaribu, kijana wangu," akamwambia Makau, bila ubaya wowote. "Sasa wacha kazi ifanywe."

Watu wakasogea kumpa nafasi. Hata Makau alisogea. Nikamwona mume wangu anapanua miguu yake vile anavyopanua, nikaona mkono wake wa kushoto ukienda kiunoni kwa siri kabla ya kushika mpini, na damu ikanipanda kichwani. Sikio la kufa halisikii dawa, sawa, lakini hili lilikuwa sikio langu pia. Nikapita mbele ya wageni wote, nikakaa juu ya gogo alilotaka kulipasua. Nikapanga leso yangu vizuri.

"Haya, Baba Shiru. Anza na mimi."

"Mama Shiru, toka hapo. Watu wanaona."

"Wacha waone. Mimi sitaki kuni. Nataka siku ya Shiru usimame kando yangu na miguu yako mwenyewe. Nikikusukuma kwa kiti cha magurudumu hiyo siku, nyama itanishuka?"

Nilitaka kusema hivyo kwa ukali, lakini sauti ilinivunjikia njiani na nikaanza kulia, pale juu ya gogo, mbele ya wakwe. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na hofu, na nilimpenda yule mzee mjinga na shoka lake. Hakuna aliyejua pa kuangalia.

Ndipo Kanini akaweka kikombe chake cha chai chini. Ni mwanamke mfupi, mpana, asiye na haraka, na sasa nikajua Makau alikotoa utaratibu wake.

"Kwani shida ya hii kitu ni kurudi tu?" akamwuliza mwanawe.

Makau akakubali kwamba ni hiyo tu.

"Kwetu ng'ombe ya kulima ikikwama kwa mtaro, hatuchinji. Tunavuta."

Akaomba kamba. Nikampa kamba yangu ya kuanikia nguo, na suruali za Mbugua zikabaki zimelala juu ya sukuma wiki. Makau akaifunga kwenye kichwa cha jeki, akaipitisha nyuma. Kanini na dada zake wakaishika, wakajipanga. Mbugua akawasimamisha. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta sababu ya kukataa lakini hataki sana kuipata, kama huo si msaada, na yeye kuni hizi hawezi kusaidiwa.

"Sisi hatupasui kitu, Baba Shiru," Kanini akamwambia. "Tunarudisha tu nyuma. Kupasua ni yako."

Mbugua alimtazama, akanitazama mimi na uso wangu uliolowa, akalitazama shoka. Halafu akaliegemeza ukutani.

"Washa," akamwambia Makau.

Tulifungua leva, tukavuta. Ndiyo, tulivuta, maana nilishuka kwenye gogo nikashika kamba mbele kabisa. Jeki ikarudi ikikoroma, na kwa vile haikutaka kusimama tulipodhani itasimama, tulianguka sote kwenye nyasi, Machakos na Nyeri pamoja. Gogo likavingirishwa. Mbugua akavuta leva, pwaa. Tukavuta kamba. Kanini akaanzisha wimbo wa kulima wa kwao, sikujua neno hata moja, nikaitikia wote. Majirani waliokuwa wakicheka wakaingia kupanga kuni. Wakati fulani nikageuka, nikamwona mume wangu amevua kofia, anavuta leva kwa mkono mzima sasa, akicheka mpaka pengo lake la nyuma likaonekana. Sikuwa nimeliona tangu mwaka uliotangulia.

Magogo yaliisha kabla chai ya jioni haijaiva, na Makau hakuwa amegusa hata ukuni mmoja. Shiru, aliyerudi kutoka kazini, alikuta mamake na mama mkwe wake wamelala chali kwenye nyasi na viganja vimechubuka, akadhani tumepigana.

Siku ya ngurario mbuzi waliiva vizuri. Waweru, kaka yake Mbugua, alizunguka moto akichunguza kuni zilivyokatika sawasawa, akauliza ni nani alizipasua. Mbugua akasimama, bila kushika meza, akajibu kwamba ni yeye. Kisha akaongeza kwamba aliendesha mpaka Mombasa, na Waweru hajaelewa hadi leo.

Lakini kisa chenyewe kiliisha asubuhi iliyofuata. Niliamka nikakuta upande wake wa kitanda ni baridi. Nikatoka nyuma ya nyumba. Shoka halikuwepo ukutani. Nilipita Woodley nzima na leso ya kulalia, nikimwandalia maneno, mpaka nikafika kwenye kibanda cha Makau, ambako mashine ilikuwa imerudishwa ili ifungwe blada, ile mipira ya tyubu za magurudumu, ya kuvuta jeki irudi ikishamaliza kusukuma.

Mbugua alikuwa amesimama pale na shoka mikononi, lakini chuma kilikuwa mkono mmoja na mpini mkono mwingine. Alikuwa ameling'oa. Mpini ule ulikuwa mweusi, umelainishwa na kiganja chake tangu kabla Shiru hajazaliwa. Alikuwa akimwonyesha Makau ile leva ya chuma.

"Hii inaniteleza," akamwambia. "Toa, uniwekee huu. Mkono wangu unaujua."

Makau akaupokea kwa mikono miwili. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni na maneno yangu yote, sina pa kuyapeleka, nikaangalia chini. Mume wangu alikuwa amevaa viatu vyake vya kamba. Alikuwa amezifunga mwenyewe, vibaya, kwa fundo kubwa la kufungia mbuzi.