Moshi wa Ngabuli

Saa kumi na mbili asubuhi, Kanyere aliwasha kuni mbichi uani kwake katika mtaa wa Mudzipela, akabandika sombe, majani ya muhogo. Moto uliwaka vizuri bila moshi. Moshi wake ulitokea Ngabuli, juu ya jiko alilolikimbia, mwendo wa saa tatu kwa pikipiki. Ilikuwa hivyo kwa watu wote wa Ngabuli tangu vita viwatoe kijijini, mwaka wa nne sasa. Majirani waliwapenda, maana nguo kwenye kamba hazikunuka moshi.

Jumatatu hiyo dereva wa pikipiki, Rodrigue, alileta habari.

"Mama Kanyere, Alhamisi ajenti wa mashamba anaenda Ngabuli na basoda. Akikuta mugini iko butupu, banaipatia ule tajiri Roger achimbe dhahabu."

"Ataangalia nini?"

"Kama batu banaikala."

Kanyere alizunguka siku mbili, nyumba kwa nyumba za watu wa Ngabuli, mpaka mtaa wa Rwambuzi.

"Alhamisi kila mutu apike," alisema. "Hata kama ni maji tupu."

Nyumba za Ngabuli zilikuwa thelathini na mbili. Kwa Musoki tu hakukuwa na wa kuambiwa. Wote saba waliuawa siku moja.

Alhamisi, ajenti Aimé alisimama Ngabuli na askari wake, Roger kando yake, majani yakimfika kiunoni. Moshi ulipanda kutoka kila nyumba, hata zile zisizo na paa. Kulinuka sombe na mawese. Aimé alihesabu taratibu: thelathini na mbili. Kwa Musoki moshi ulikuwa mzito kuliko kote.

"Lakini hakuna batu!" Roger alisema.

"Fomu inauliza kama kunapikwa," Aimé alijibu.

Akaandika *Kijiji kinakaliwa*, akapiga muhuri juu ya boneti ya gari la askari.

Rodrigue, aliyeufuata msafara wa ajenti, alirudi Mudzipela akipiga honi tangu sokoni. Wanawake walitoka na sufuria vichwani, wakapiga vigelegele, wakacheza barabarani hadi madereva wakazima pikipiki zao na kucheza nao.

"Na kwa Musoki?" Kanyere aliuliza.

"Banapika, mama."

"Ni vizuri."

Kisha akamwuliza kama sasa wanaweza kurudi.

"Hapana. Basoda balirudi na ajenti. Bale ba bunduki balitufukuza bangali mu njia."

Kanyere akapakua sombe. Watu wa Ngabuli wakala pamoja pale uani, wakiimba kwa sauti kubwa, na kabla ya kutawanyika wakapangana nani alete kuni kesho.