Kosa la Noreen la Kujua Gitaa

Kosa lenyewe lilikuwa hili: Noreen alikuwa amejua kupiga gitaa.

Aliambiwa Alhamisi, katika chumba cha nyuma cha duka la dobi lililofungwa kule mtaa wa Deptford, ambako bendi ya Mifereji ilifanyia mazoezi. Walikuwa wanapiga wimbo aliotunga mwenyewe, juu ya ofisi ya wasio na kazi, jinsi unavyopanga foleni asubuhi nzima ili uambiwe urudi wiki ijayo. Ungepigwa Jumamosi mbele ya watu kwa mara ya kwanza, na tangu mwezi uanze Noreen hakuwa na wazo jingine kichwani. Kutu, mwimbaji wao, akanyanyua mkono wote wakanyamaza.

"Noreen, umekuwa ukijifunza?"

"Kidogo. Nyumbani."

"Nyumbani," Kutu akamgeukia Des, mpiga ngoma. "Umesikia? Mwenzetu anafanya mazoezi nyumbani. Kesho atatuletea fidla na tai."

Des akacheka huku akitazama viatu vyake.

Sheria ya panki, muziki wao wa kelele na hasira, ilikuwa kwamba hakuna sheria. Mwaka uliopita Kutu alimchukua Noreen kwa sababu hiyohiyo, kwamba hakuwahi kushika gitaa. Alimwambia muziki umetekwa na matajiri wenye nywele ndefu, wanaokuna nyuzi robo saa nzima huku vijana wakioza mitaani bila kazi. Mtu yeyote mwenye hasira ana haki ya kupanda jukwaani. Noreen alimwamini kwa moyo wake wote. Alijikata nywele kwa mkasi wa jikoni, akajaza koti pini, akazoea hata kutemewa mate na watazamaji, maana kwa panki mate ndiyo makofi. Balaa ni kwamba alilipenda gitaa lenyewe. Malengelenge ya nyuzi yalipopona, vidole vikaanza kwenda vyenyewe.

"Piga kama zamani," Kutu akasema.

Akajaribu. Alipojilazimisha kukosea alijisikia kama mtu mzima anayejifanya mtoto, na mara vidole vikarudi mahali pake.

"Basi. Jumamosi atapiga Gaz. Yule hajui hata gitaa linashikwa upande gani."

"Na wimbo wangu?"

"Wimbo ni wa bendi. Changu, changu, hayo ni mambo ya mabepari, dada."

Noreen alikasirika hadi akashindwa kulala. Kesho yake alimbana Des mpaka akamtajia anakoishi Kutu. Hakuwa akiishi kwenye maghorofa ya manispaa, ya watu maskini, kama alivyowaimbia kila wiki. Alikuwa Blackheath, kule juu kwa wenye nazo, kwenye nyumba yenye waridi mlangoni. Kabla hajabisha alisikia piano. Ilipigwa taratibu, kwa mkono wa mtu asiye na wasiwasi wowote, na ilikuwa nzuri mno.

Alipobisha, mama mmoja mwenye lulu shingoni akafungua. "Unamtaka Crispin? Ingia, binti. Usijali kelele, amekuwa akipiga tangu ana miaka mitano."

Kutu aligeuka kwenye kiti cha piano, nywele zake za kijani zimelala. Alisubiri mama yake aende jikoni kuweka chai.

"Usiwaambie," akasema kwa sauti ya chini. "Noreen, tafadhali. Rudi Jumamosi. Tutaanza na wimbo wako. Wewe piga vibaya kidogo tu, kama mimi ninavyoimba vibaya. Si kazi ngumu."

Hapo Noreen akaelewa, na ilimuuma kuliko kufukuzwa. Huyu alikuwa na vya kutupa. Yeye alikuwa na kimoja tu, tena amekipata kwa vidole kutoka damu, naye ndiye aliyeambiwa akitupe.

"Mimi sijui kupiga vibaya kwa makusudi, Crispin," akasema. "Nilikuwa napiga vibaya kweli."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wimbo wangu naondoka nao. Ukiuimba Jumamosi, nitapanda nikuulize jina lako mbele ya watu."

Hawakuuimba. Noreen alisimama nyuma ya ukumbi kuhakikisha, akamwangalia Gaz akipapasa nyuzi na Kutu akitemewa mate kwa mapenzi makubwa. Hakufurahi hata kidogo. Alikuwa na wimbo na hana bendi, na ukumbi mzima ulikuwa unashangilia uongo.

Kando yake msichana mmoja mwenye pini shavuni alikuwa akipiga meza kwa viganja, nje ya mdundo kabisa, macho ameyafumba.

"Unajua kupiga ngoma?" Noreen akamuuliza.

"Sijui."

"Unataka?"

Msichana akafumbua macho. "Nimekwambia sijui."

"Nimesikia. Njoo kwetu kesho," Noreen akamwambia. "Ila ukishajua, usije ukanificha."