Nyama Kavu ya Hodu

Mwanangu Mun-gyu na mkewe Hye-rim wana mbwa. Watoto hawana, na mimi siulizi tena, maana mara ya mwisho nilijibiwa kwamba nyumba ni ndogo na maisha yamepanda. Mbwa anaitwa Hodu. Ni mweupe, ana kilo tatu na nusu, na ana kigari chake cha kusukumwa chenye kofia ya kuzuia jua. Siku nilipokiona kigari hicho mlangoni kwa mara ya kwanza, moyo uliniruka. Nikasema hatimaye! Nikachungulia ndani, nikalambwa pua.

Mimi ni Bang Ok-rye, mkazi wa Jeonju, mke wa mtoto wa kwanza wa ukoo kwa miaka arobaini na mitatu. Maana yake ni kwamba kila marehemu wa ukoo ule amekula kwa mikono yangu. Na kwenye meza ya marehemu, ile anayoandaliwa kila mwaka siku aliyokufa, nyama kavu haikosekani. Yangu ilikuwa na sifa. Mashemeji walikuwa wakiwahi kusafisha vyombo baada ya ibada ili waiibe sahanini, na mimi nilijifanya sioni.

Mume wangu alifariki miaka tisa iliyopita, siku ya kumi na saba ya mwezi wa tisa kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Kila mwaka nimemwandalia meza yake. Lakini viganja vimechoka, kisu kinaniponyoka. Mwaka jana nikamwambia Mun-gyu kwamba kuanzia sasa meza ya baba yake itaandaliwa kwao, Suwon. Akanijibu, "Sawa, mama," kwa ile sauti anayowajibia watu wa bima kwenye simu. Tangu hapo niliishi na hofu moja: mume wangu afike siku yake akute hakuna meza. Na nikishamfuata, nami nifike nikute hivyo hivyo.

Ndiyo maana Hye-rim aliponipigia simu Septemba nilikaribia kuangusha simu.

"Mama, naomba unifundishe kukausha nyama ya ng'ombe. Ila iwe tayari Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, Oktoba."

Nikaitazama kalenda ya ukutani, ile inayoandika tarehe za mwezi mwandamo chini kwa herufi ndogo. Chini ya kumi na tisa paliandikwa: tisa, kumi na saba. Nikakaa kitako sakafuni. Mkamwana ambaye huagiza hata wali kwa simu, amekumbuka siku ya mkwe wake!

"Nakuja mwenyewe," nikamwambia. "Na usinunue nyama huko, watakupa mafuta matupu."

Alhamisi nilishuka kwenye basi na kilo nne za paja, nyama nyekundu isiyo na mafuta, kwenye boksi la barafu. Hye-rim alikuwa amevaa aproni mpya. Juu ya meza ya jikoni palikuwa na mashine ya kukaushia, ya chuma inayong'aa, yenye trei kumi na saa ya kujizima. Nikajua kweli huyu amedhamiria.

"Kata kufuata nyuzi," nikamwonyesha. "Ukikata kwa kuvuka nyuzi itakatikakatika. Nyembamba, lakini isipitishe mwanga. Halafu unaifuta damu kwa kitambaa safi, unabonyeza, unabadilisha kitambaa, unabonyeza tena. Damu ikibaki, inanuka."

"Nimeelewa, mama."

"Sasa leta mchuzi wa soya, asali, tangawizi na pilipili manga."

Akasita na kisu mkononi. "Mama, hivyo hatuweki. Wala chumvi hatuweki."

"Hatuweki chumvi? Kwa nini?"

"Kwa ajili ya figo."

Jamani, nilitokwa na machozi. Mume wangu alikufa kwa figo. Miaka mitatu ya mwisho daktari alimkataza chumvi, akawa anakula huku ananitazama kama nimemwibia. Na huyu binti, ambaye nilikuwa nikimsema kwa dada zangu kwamba hana moyo, hata kwa marehemu anajali figo! Nikamshika mkono. Yeye akanitazama kwa mshangao kidogo, akasema, "Pole, mama, ni kitunguu?" Kitunguu hakikuwepo.

Tulifanya kazi siku nzima. Alichovya vipande kwenye maji yenye siki kidogo, akavifuta, akavipanga kwenye trei bila kimoja kugusa kingine. Mashine akaiweka nyuzi joto sabini. Mimi nilizoea mianzi, upepo na kufukuza nzi, lakini sikusema kitu. Vilipokauka nusu nikamfundisha kuvifunga kwenye karatasi na kuvikandamiza chini ya ubao mzito ili vinyooke, kisha kuvirudisha. Hakuna aliyewahi kunisikiliza hivyo. Akaniuliza kama anaweza kuvikata viwe vidogo, ukubwa wa ukucha, kwa sababu ya meno. Nikakumbuka meno ya bandia ya marehemu, nikasema kata, mwanangu, kata.

Kulikuwa na trei nyingine yenye shingo za bata, na nyingine yenye masikio ya ng'ombe. Nikauliza ni za nani. "Za Hodu," akasema. Nikaona ni haki, mbwa naye ale chake.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwenye bafu la umma, kwa sababu mtu hasogelei meza ya marehemu na jasho la jana. Nikajisugua mpaka nikawa mwekundu. Nikavaa hanbok yangu ya kijivu, vazi letu la jadi, nikafunga picha ya mume wangu kwenye kitambaa cheupe, nikarudi ghorofa ya kumi na nne saa sita mchana. Miwani ilikuwa imejaa mvuke, nikaivua.

Mlango ulikuwa wazi. Sebuleni, mbele ya pazia la kukunja lenye maua, palikuwa na meza. Meza kamili! Matofaa na mapea yamepangwa kwa urefu, keki nyeupe za mchele ngazi juu ya ngazi, mishumaa miwili, na sahani ya nyama yetu kavu. Katikati, picha kwenye fremu nyeusi. Nikasema moyoni, kumbe wana picha yao wenyewe.

Sikungoja mtu. Nilipiga magoti. Mzee aliye hai huinamiwa mara moja, marehemu mara mbili, lakini wanawake wa ukoo wetu humwinamia marehemu mara nne, paji la uso mpaka kwenye mikono. Nikainama ya kwanza. "Baba Mun-gyu," nikasema, "umeona? Nilikukosea bure kwa wasiwasi. Wamekukumbuka." Nikainama ya pili nikilia. Nikainama ya tatu.

"Jamani, mtazameni bibi yake Hodu!" sauti ya mwanamke ikasema nyuma yangu. "Anavyompenda mjukuu wake! Mimi mama mkwe wangu hata kumgusa Kongi hataki!"

Nikageuka. Mlangoni walisimama wanawake watatu, kila mmoja na mbwa wake kifuani. Aliyesema alikuwa mama Kongi wa ghorofa ya tisa, ananipiga picha kwa simu. Pale kwenye jengo hilo wote huitana kwa majina ya mbwa. Nyuma yao Mun-gyu alikuwa amembeba Hodu, na Hodu amevaa hanbok ya hariri yenye mikono ya rangi rangi na kofia nyeusi, kama mtoto anayetimiza mwaka mmoja.

Nikavaa miwani. Nikatazama fremu. Kwenye fremu alikuwa Hodu, amevaa kofia ile ile, ulimi nje.

"Mama," Mun-gyu akasema taratibu, "mbona unamwinamia Hodu?"

Nikabaki pale chini.

"Leo tarehe ngapi?" nikamuuliza.

"Kumi na tisa. Hodu anatimiza mwaka. Hye-rim hakukwambia?"

"Nakuuliza kwa mwezi mwandamo."

Akafungua mdomo. Akahesabu kwa vidole, akapotea, akatoa simu, akatafuta. Nilimwona akiipata. Uso wake ukashuka wote kwa pamoja, akawa na uso ule aliokuwa nao hospitalini miaka tisa iliyopita.

"Mama," akasema. Akaishusha simu.

Hye-rim alitoka jikoni na bakuli la supu ya samaki mkavu aliyelowekwa kuondolewa chumvi, ya mwenye siku. Akaniona chini, akamwona mumewe, akaona kitambaa cheupe nilichoshika. Hakuwa mjinga. Akalitua bakuli.

Nilikasirika, sitaficha. Nilitaka kuipindua meza ile, matofaa yabiringike mpaka kwenye lifti. Nilikuwa nimemwinamia mbwa mara tatu na nimemsimulia habari za mume wangu. Lakini nikaitazama meza tena. Keki zilikuwepo, matunda yalikuwepo, nyama ilikuwepo, niliyoikata kwa mikono yangu. Na siku ilikuwa yenyewe. Nikikimbilia Jeonju kwa hasira, basi litanifikisha jioni na sina hata tofaa.

"Toa hiyo picha," nikasema.

Hye-rim akaitoa mbio. Nikafungua kitambaa, nikamweka mume wangu pale. Wageni wakaanza kuvaa viatu kwa aibu, lakini mama Kongi akasimama, akakunja mikono ya sweta.

"Bibi, samahani. Nyama kavu inakaa kushoto. Na tofaa liende mashariki, pea magharibi." Akaanza kuhamisha sahani. "Kwetu mimi ndiye mkamwana mkubwa. Ila huwa nawaambia nina zamu kazini."

Mun-gyu akamwaga pombe ya mchele, akainama. Alipoinama mara ya pili hakuinuka upesi, mabega yakimtikisika. Hodu alikaa kando na kofia yake, macho kwenye sahani ya nyama. Baadaye tukagawana vilivyo mezani, kama ilivyo desturi, na wanawake watatu wa heshima wakatafuna vitafunwa vya mbwa mbele yangu wakisema, "Tamu sana, bibi." Mmoja aliomba maji.

Jioni, wageni walipokwenda, Mun-gyu alikuja kukaa karibu nami.

"Mama, nimefikiria. Hii hesabu ya mwezi mwandamo inahamahama kila mwaka, nitakosea tena. Kwa nini tusimfanyie baba tarehe kumi na tisa Oktoba daima? Siku ya Hodu. Hiyo hatuwezi kuisahau."

"Unamweka baba yako kwenye siku ya mbwa?"

"Mama, mimi nasema ukweli. Hiyo hatuwezi kuisahau."

Hye-rim alikuwa amesimama na sponji mkononi. Nilifungua mdomo nimtukane mwanangu kwa majina yote ya mababu zake. Kisha nikamtazama Hodu aliyelala kwenye godoro lake la sufu, na nikafanya hesabu: yeye akiwa hai, siku haisahauliki. Mbwa wa aina ile huishi miaka kumi na mitano, akitunzwa hata kumi na saba. Mimi nina sabini na moja.

"Sawa," nikasema. "Na mimi mtaniweka siku hiyo hiyo. Tutakula pamoja."

Hye-rim akalia. Mun-gyu akasema nisiongee hivyo.

Siku hizi mimi ndiye ninayemkaushia Hodu nyama. Kila mwezi natuma boksi kutoka Jeonju, paja bora la buchani, kila kipande nimekibonyeza kwa kitambaa mara tatu. Nauliza chanjo, nauliza meno, nauliza kama amepata choo. Dada zangu wanasema nimerukwa na akili. Wiki iliyopita Hye-rim alinipigia simu akasema Hodu anakohoa kidogo, na nikapanda basi usiku ule ule.