Kimya cha Ubeti wa Pili

Mume wangu Nikolao alikuwa mwalimu wa kwaya hapa Newala, na mimi ni mwimba sauti ya pili mwenye pumu. Watu walinicheka, eti mwenye kifua kibovu anatafuta nini kwenye kwaya. Nilimtafuta Nikolao, nikampata, basi waendelee kucheka.

Wimbo wake wa mwisho hakuuandika. Mikono ilishaanza kutetemeka, kalamu haishikiki, lakini kwenye kinanda vidole vilikuwa bado vinamtii. Kinanda chenyewe ni cha umeme, aliachiwa na padri mmoja aliyehama, na kina tundu la kutilia disketi. Siku moja alitia disketi, akaupiga, nami nikaimba pembeni yake. Disketi ilishika vidole vyake tu, sauti yangu haikuingia. Hazikupita wiki nyingi nikamzika.

Binti yetu Rose yuko Dar, ana maisha yake. Nyumbani nimebaki mimi na kinanda, na kinanda sijui kukipiga.

Nilitaka jambo moja: wimbo ule uimbwe kwenye misa ya kutimiza mwaka wake, na mimi niwe ndani yake. Nikampelekea disketi mwalimu mpya, Reginald. "Mama Rose," akaniambia, "kwaya haisomi disketi. Niletee nota." Mtu mkavu huyo, hata pole hana.

Nikateremka Masasi. Tangu wanunuzi binafsi wa korosho waingie, mji ule umeota maduka kila kona, na moja ni la kijana Gasper, anayechapa kadi za harusi kwa kompyuta. Aliniamkia vizuri, akanisikiliza, akasema programu ya kugeuza muziki kuwa nota anayo. Akawasha jenereta, akatia disketi. Nota zikajipanga kwenye kioo, vichwa vyeusi na mikia yake, nami sisomi hata moja. Akabofya weee, akachapa.

"Nimekunyooshea kidogo, mama," alisema. Nikamshukuru. Nilishukuru nisichokijua.

Mazoezi ya kwanza, Reginald akakaa kwenye kinanda, tukaanza. Wimbo ulikuwa wenyewe kabisa, mpaka nikahisi machozi. Lakini katikati ya ubeti wa pili, pale pumzi yangu inapokatika, Nikolao alikuwa anasimama. Anasubiri nivute pumzi, ninainua macho, ninamtikisia kichwa kukubali, ndipo anaendelea. Safari hii hakuna aliyesimama. Kwaya ilipita, mimi nikabaki nyuma nahema mdomo wazi, na walipomaliza nilikuwa bado nahema.

Usiku ule nililia kuliko siku ya maziko. Siku ile nilikuwa na watu wa kunishika.

Kesho yake nilirudi Masasi na hasira zangu. "Gasper, umekata nini kwenye ubeti wa pili?"

"Kosa tu, mama. Mzee alisitasita hapo. Mapigo matatu mazima, hakuna kitu."

"Nipigie kama ulivyoukuta."

Bahati yake, hakuwa ameufuta ule wa mwanzo. Kompyuta ikapiga kwa sauti yake nyembamba ya bati, ikafika pale, ikanyamaza. Nikavuta pumzi. Nilipomaliza kuivuta, wimbo ukaendelea.

"Si umeona?" Gasper akasema. "Hakuna kitu hapo."

"Nipo mimi hapo," nikamwambia. "Chapa hivyo hivyo."

Kijana wa watu alinitazama, akainamisha kichwa, akachapa.

Reginald alinung'unika kwamba kwaya haiwezi kukatika katikati ya mstari kama gari lililoishiwa mafuta. Nikamwambia imba kilichoandikwa, si ulitaka nota? Akagawa karatasi.

Siku ya misa kanisa lilijaa. Ubeti wa kwanza ulipita vizuri. Tukafika pale kwenye ubeti wa pili, na kwaya nzima ikanyamaza. Kila mtu alisikia kifua changu kinavyokoroma, wala sikuona haya. Nikolao alinisubiri, hata akiwa kaburini alinisubiri. Nikavuta pumzi yote, nikainua macho kwenye kinanda kama nilivyozoea, nimwonyeshe kwamba niko tayari.

Alikuwa ni Reginald.

Nikamtikisia kichwa, tukaendelea.