Mkwe Mbele ya Sanduku

Mwili wa Marieta ulikuwa mtiifu kuliko mwenyewe. Akiuambia mguu uende nyuma ya shingo, unakwenda bila kuuliza. Mdomo ndio uliokuwa mgumu: alikuwa akitumwa chumvi anarudi na kiberiti, kwa kuona aibu kumwambia muuzaji kuwa amekosea. Kwa hiyo kikundi kimoja cha sarakasi cha Musoma kilipotafuta mtu wa kujikunja ndani ya sanduku, alijiunga siku hiyo hiyo. Aliona amepata kazi pekee duniani ambayo mtu analipwa kwa kujificha.

Jina la kazi wakampa Kamongo, yule samaki wa ziwani anayejizika kwenye tope wakati wa kiangazi. Wenzake waliitwa Malkia na Nyota. Yeye akapewa samaki mwenye sura ya mtu aliyeamshwa kabla ya kushiba usingizi, na hakukataa, maana kukataa kungehitaji kuongea.

Kwao Nyegina walijua kazi yake. Kwa kina Prosper, mchumba wake, kule Buswahili, hawakujua. Prosper alimwambia baba yake, Mzee Burito, kwamba binti ni mwalimu wa michezo, na haukuwa uongo mtupu, kwani kila Jumanne alifundisha watoto saba kubinuka. Mzee alikuwa amemwona mara moja tu, kapiga magoti, kajitanda kitenge mpaka kwenye nyusi, anaamkia kwa sauti ya kifaranga. Mzee akapendezwa. Jumamosi angekwenda Nyegina na wazee wenzake kuzungumza mahari.

Jumatano kikundi kikaenda kwenye mnada wa ng'ombe wa Bunda.

Marieta alikunja mguu wa kwanza, akakunja wa pili, akajishindilia sandukuni. Gibson, mtangazaji wao, akafunga kifuniko, watu wakapiga makofi. Kilichobaki kilikuwa kutoka. Akachungulia kwenye tundu la hewa kama kawaida yake, akaona koti la kijivu, fimbo, na juu ya koti uso wa Mzee Burito. Alikuwa amekuja kutafuta mtamba wa kuongezea kwenye mahari, tena mahari ya huyu aliyemo sandukuni.

Kwa kina Prosper, baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa kukwepana. Hawakai benchi moja, hawatazamani usoni. Sembuse amwone kavaa taiti nyekundu, visigino vimekaa masikioni. Akitoka, Jumamosi haipo.

Gibson akagonga kifuniko. "Kamongo, toka."

"Sitoki," akanong'ona kupitia tundu. "Kuna mkwe."

"Mkwe gani?"

"Huyo wa koti."

Gibson akanyanyuka, akashika kipaza sauti. "Ndugu watazamaji, kamongo huyu ni wa kweli. Anakaaga topeni mpaka mvua inyeshe. Mnaweza kwenda kuangalia ng'ombe."

Watu wakacheka, wakaanza kutawanyika. Mzee Burito hakusogea.

"Mimi nitangoja mvua," alisema.

"Mzee wangu, onyesho limeisha."

"Limeishaje? Mtu ameingia mbele ya macho yangu, hajatoka. Nyie vijana mmeua mtoto wa watu halafu mnatuambia tukaangalie ng'ombe."

Waliokuwa wanaondoka wakarudi, pamoja na wengine ambao hawakuwepo mwanzo. Ndani ya sanduku Marieta aliwaza kwamba katika miaka minne ya kazi hajawahi kuvuta umati kama huu, na ameuvuta kwa kutofanya lolote. Mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Wa kulia hakujua uko wapi.

Fimbo ikagonga mbao taratibu. Mzee akainama.

"Wewe uliyemo. U mzima?"

Hapo angeweza kunyamaza. Angeweza kukoroma, kukohoa kama mwanaume, hata kulia kama paka. Lakini mtu mzima amemsemesha, na Marieta amelelewa.

"Shikamoo baba," akasema, kwa sauti ile ile ya kifaranga.

"Marahaba. Mtoto wa nani?"

"Wa Nicolaus." Na kana kwamba haijatosha, akaongeza, "Wa Nyegina."

Alipojisikia akisema hivyo, akatamani kujikunja zaidi, ila nafasi ilikuwa imekwisha.

Kupitia tundu aliona koti la kijivu likinyooka. Likakaa hivyo muda mrefu, kisha likageuka, akabaki anatazama mgongo. Amekwenda, akawaza. Lakini mgongo haukwenda.

"Kijana," Mzee Burito alimwambia Gibson huku akikazia macho zizi la ng'ombe, "mimi nimegeuka. Mwambie mkwe wangu atoke."

Gibson akafungua. Marieta, ambaye watu walilipa kuuona ulaini wake, alitoka kama ndama anayezaliwa: mkono, kichwa, kisha vyote vilivyobaki kwa pamoja mpaka chini.

"Ametoka?" mzee akauliza.

"Ametoka."

"Mzima?"

Gibson akamtazama pale vumbini. "Sehemu kubwa."

"Mpe nguo ajisitiri. Na mwambie Jumamosi nakuja kama tulivyopanga. Huyo Prosper wake ndiye nitakayeongea naye habari ya ualimu."

Marieta akajizungushia turubai la kikundi, akapiga magoti, akaamkia mgongo wa koti. Mgongo ukaitikia, ukaondoka polepole kuelekea kwenye mitamba.