Mnong'ono Kwenye Raundi

Miaka sita Daktari alitembea nyuma ya Mkuu wa wodi, upande wa sikio lake la kushoto. Ndivyo raundi yao ilivyokwenda: yeye ananong'ona ugonjwa, Mkuu anautangaza kwa sauti nene kana kwamba kaugundua mwenyewe. Manesi walimbatiza Daktari jina la Redio, naye alicheka nao. Kazi nyingi hazikumchosha, wala mshahara kiduchu. Alichoka kutoonekana. Siku hizi akifika getini asubuhi miguu inakuwa mizito, mpaka ajilazimishe kuingia.

Ijumaa alikwenda masjala kuulizia ombi lake la kusomea ubingwa, lililokataliwa mara ya tatu. Karani akampa faili lake. Ndani, kwa mwandiko wa Mkuu: "Mtiifu, lakini hawezi kufikiri bila kusimamiwa."

Hakulia. Hasira ilimpanda ikakaa, na siku mbili nzima alikula nayo, akalala nayo.

Jumatatu walikuja wageni wa makao makuu kumpima Mkuu kwa cheo cha ukurugenzi. Kitanda cha kwanza alilala fundi cherehani, kavimba miguu na tumbo. Daktari alishajua ni moyo. Dawa alishamwanzishia, na yote aliyaandika kwenye faili la mgonjwa. Mzee wa watu hakuwa na kosa. Ila Mkuu, mafaili hakuwa na mazoea ya kuyasoma.

"Tatizo lake nini?" aliuliza mgeni mmoja, mama mwenye miwani.

Mkuu akainamisha sikio. Akakohoa, akalisogeza zaidi. Daktari akaangalia dari, na moyo ukamwenda mbio kwa raha.

"Ini," Mkuu alisema hatimaye. "Ini limechoka kabisa."

"Mbona mimi nimeambiwa moyo?" fundi aliropoka. "Na dawa za moyo nameza. Kumbe mnabahatisha?"

Mama mwenye miwani akafungua faili, akasoma hadi chini. "Nani kaandika haya?"

"Mimi," Daktari alisema.

"Basi tuongoze wewe."

Wakielekea kitanda cha pili, Mkuu alimfuata kwa nyuma, jasho likimtiririka. Akamwinamia sikioni. "Mdogo wangu, nisitiri. Waambie tulishauriana."

Daktari akasimama, akageuka. Wageni nao wakasimama.

"Sema kwa sauti, Mkuu," alisema. "Wageni hawakusikii."